Mlima Usiochemsha Breki

Juni hii nilikwenda nyumbani Uyole, Mbeya, kwa wiki mbili. Anayeijua Uyole ya Juni anaelewa: alfajiri majani ya viazi yamepakwa weupe wa barafu, na mpaka saa nne asubuhi mtu bado anaongea mvuke ukimtoka mdomoni. Siku ya tatu mama aliniagiza blanketi la ziada lililokuwa uvunguni mwa kitanda cha chumba cha nyuma. Blanketi nililipata. Nyuma yake kulikuwa na boksi la sabuni, na ndani ya boksi PlayStation yetu ya kijivu, pedi mbili, waya zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, na CD mbili za kunakili zilizoandikwa kwa mwandiko wa kaka yangu: GT2 A, GT2 B.

Blanketi nilimpelekea mama, nikarudi nikakaa sakafuni.

TV ya chogo ya chumba kile inawaka kwa kupigwa kofi mbili za ubavuni, kama zamani. PlayStation nayo ina tabia yake ileile: haisomi CD mpaka uigeuze, tumbo juu na kifuniko chini, uiwekee vitabu viwili pembeni isiyumbe. Ikaguna, ikasita, ikasoma. Kadi ya memori ilikuwa bado imechomekwa. Nikafungua karakana ya gemu, na magari yetu yote yalikuwamo, kila moja na rangi tuliyolichagulia, kana kwamba tulitoka jana kwenda shule.

Nilikusudia kucheza nusu saa. Nikacheza siku nane. Na kadiri nilivyocheza ndivyo jambo moja lilivyozidi kunikaa kooni, jambo ambalo utotoni sikuliona hata kidogo. Linaihusu gemu, linanihusu mimi, na linaihusu barabara inayopita karibu na dirisha la chumba kile, ambako malori ya Zambia na Kongo yananguruma usiku kucha.

Gran Turismo 2 ilitoka Japani Desemba 1999, ikafika Marekani mwezi huohuo na Ulaya Januari 2000. Ilitengenezwa na Polyphony Digital, kikosi cha Kazunori Yamauchi, miaka miwili tu baada ya ile ya kwanza. Ya kwanza iliuza nakala milioni 10.85, hii ya pili milioni 9.37. Ya kwanza haikufikisha magari 200. Ya pili ilikuja na karibu 650, ikalazimika kugawanywa kwenye CD mbili. Na juu ya jalada waliandika kwamba hiki ndicho kiigizaji halisi cha uendeshaji wa gari. Maneno hayo nitayarudia, kwa sababu tuliyaamini.

Kwa mtoto wa Mbeya, ajabu ya gemu hii haikuwa magari ya mbio. Ajabu ilikuwa kukuta humo magari ya mtaani kwetu: Starlet, Corolla, Chaser, Mark II, Nissan March, Vitz ambayo wakati ule ndiyo kwanza imezaliwa. Gemu nyingine zilituonyesha magari tusiyotarajia kuyagusa maisha yetu yote. Hii ilikuwa na gari la mwalimu wetu wa hisabati. Ukianza, unapewa fedha 10,000 na unapelekwa kwenye duka la magari ya mtumba, na orodha yake inabadilika kila baada ya siku kadhaa, kwa hiyo unaweza ukakosa gari leo ukalikuta wiki ijayo. Sijui gemu nyingine ya wakati ule iliyoelewa vizuri hivyo maisha ya mtu anayehesabu hela kabla ya kununua gari.

Tuliikuta kwanza kwenye kibanda cha Mwanjelwa, jirani na lile soko lililoteketea mwaka 2006. Tulilipa shilingi mia kwa dakika kumi, na wakubwa walikuwa wakicheza mpira, kwa hiyo zamu ya magari ilipatikana mvua ikinyesha tu. Kibanda kilikuwa na CD A peke yake. Unachagua gari, unashindana, umemaliza. Mwaka mzima tuliamini hiyo ndiyo gemu yote. Kaka aliponunua PlayStation iliyotumika kwa utingo mmoja aliyeitoa Tunduma, alipewa CD zote mbili, na usiku ule tulipoweka B tukaona leseni, karakana, maduka, vipuri, kalenda ya siku. Nakumbuka kaka alivyokaa kimya. Ilikuwa kama kuishi kwenye nyumba kwa mwaka mmoja kisha ukafungua mlango uliodhani ni kabati, ukakuta nyuma yake kuna nyumba nyingine.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba baadhi ya CD halisi za gemu hii zilipakwa kitu ambacho ukikikwangua kwa ukucha kinatoa harufu ya matairi. Waliwaza mpaka harufu. Nitalirudia na hilo.

Nianze na walichopatia, maana ni kingi. Leseni za CD B zilinifundisha mambo ambayo chuo cha udereva kilikuja kunifundisha kwa maneno matupu. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unakwenda mbele, pua inainama, mkia unakuwa mwepesi. Ukikata kona wakati huo mkia unakukimbia. Ukiingia kona taratibu utatoka kwa kasi, ukiingia kwa kasi utatokea majanini. Mambo haya yamo kwenye gemu ya mwaka 1999, kwenye mashine yenye kumbukumbu ndogo kuliko picha moja ya simu yangu ya sasa, na yamo kwa usahihi. Starlet inaburutwa na magurudumu ya mbele na unalihisi hilo. Chaser inasukumwa na ya nyuma na unalihisi pia. Nilipoicheza tena Juni, vidole vilikumbuka kabla yangu.

Mtihani wa kwanza kabisa, wa leseni B, hauhusu kukimbia. Unaondoka, unaongeza mwendo, kisha unatakiwa usimame ndani ya kisanduku kilichochorwa barabarani. Ukipita umefeli, ukisimama kabla umefeli. Somo la kwanza la gemu nzima ni breki, na ndiyo maana kasoro ninayoifikia mbele inaniuma kuliko nyingine zote.

Hizo nyingine nizipitie haraka. Sauti za injini ni nyembamba, nyingi zinafanana na mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili. Milima na miti huchomoza ghafla mbele yako, na mistari ya barabara inatetemeka. Ukiugonga ukuta kwa kilometa 200 kwa saa bati halikunjiki, taa haivunjiki, na mara nyingine ukuta wenyewe unakusaidia kukata kona, kiasi kwamba mchezaji mjanja anauegemea makusudi. Wapinzani wanafuata mstari wao kama behewa la TAZARA lililo juu ya reli: hawakuoni, hawakukwepi, ukisimama mbele yao wanakusukuma. Haya yote niliyajua utotoni na niliyasamehe, na leo pia ninayasamehe. Watu wale walikuwa na miaka miwili na magari 650.

Kuna moja ambayo haikuwa rahisi kuisamehe. Gemu inakuhesabia umefika asilimia ngapi. Kaka yangu ni mtu wa kumaliza jambo. Akilima tuta haliachi katikati. Alishinda kila shindano aliloliona, akapata kila leseni, na hesabu ikasimama kwenye asilimia 98.2. Likizo nzima ya Desemba alitafuta ile 1.8 iliyobaki. Alirudia mashindano ambayo alishayashinda. Aliandika orodha ya yote kwenye daftari, akaweka tiki moja moja kwa kalamu nyekundu. Aliamka usiku akidhani ameikumbuka sehemu ambayo hakuigusa. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kushika taa ya chemli umeme ukikatika na kumsomea orodha. Alipokata tamaa alisema tu, "Kuna kitu sikukiona," akalifunga daftari.

Hakukuwa na kitu. Nakala za mwanzo zilizouzwa Marekani zilikuwa na kosa: hesabu ilikwama kwenye 98.2 hata kwa mtu aliyemaliza kila kilichomo. Mbio za mstari mmoja ulionyooka zilizokusudiwa kuwamo zilitolewa kabla gemu haijatoka. Nakala yetu bila shaka ilizaliwa na mojawapo ya hizo. Nilipolisoma hilo, ukubwani, nilimpigia simu kaka saa ileile. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa nimemaliza?" Nikamwambia, ulikuwa umemaliza. Nilisikia anavyoshusha pumzi. Ilikuwa imepita miaka kumi na mitatu.

Sasa nije kwenye mlima.

Ndani ya gemu kuna Pikes Peak, mlima halisi wa jimbo la Colorado, Marekani, wenye kilele cha mita 4,302. Mbio za kuupanda zilianza mwaka 1916. Njia ya mbio hizo ina karibu kilometa 20 na kona 156, na wakati gemu inatengenezwa sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi. Lami ilikuja kuifikia yote mwaka 2011. Mjapani Nobuhiro Tajima aliushinda mwaka 1995 akiwa na Suzuki Escudo iliyogeuzwa kuwa dubwana, na Escudo ya jamii hiyo imo kwenye gemu, ikiwa na karibu nguvu za farasi 1,000. Mbeya, Escudo ni gari la mganga wa zahanati na bwana shamba. Kuliona linavyoruka kwenye kona za vumbi likiwaacha wote kulitutia fahari ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyetoka kwetu.

Waliufupisha mlima, lakini waliuweka mara mbili: njia ya kupanda, na njia ya kushuka. Ya kushuka ndiyo tuliipenda. Vumbi, genge upande mmoja, na kasi ambayo kupanda hakuwezi kukupa. Kitufe cha mraba ndicho breki. Unaachia gari lijae mwendo, unasubiri mpaka kona ikufike usoni, unabana mraba kwa nguvu zote, gari linakaa, unakata, unaachia, linajaa tena. Kona baada ya kona, mpaka chini. Breki ya kona ya mwisho inashika sawasawa na breki ya kona ya kwanza. Unaweza kushuka mara hamsini mfululizo na haitabadilika hata kidogo.

Gemu hii inajua kwamba matairi yanachakaa. Kwenye mashindano marefu inakulazimu uingie kuyabadilisha. Dukani inakuuzia hata breki bora zaidi. Mimi sikuzinunua zaidi ya mara moja, kwa kuwa sikuona tofauti, fedha yangu yote ilikwenda kwenye turbo. Lakini haijui kwamba breki inapata joto. Kwa gemu yenye uwanja tambarare ningesema ni jambo dogo. Hii ilichukua mlima, ikaugeuza, ikamwambia mtoto: shuka.

Na mlima walioutumia ndio unaofanya kosa liwe zito. Kwenye Pikes Peak halisi, mtalii anayeshuka na gari lake anasimamishwa njiani, mahali panapoitwa Glen Cove, na mlinzi wa hifadhi anapima joto la breki. Zikiwa zimepanda sana, anaelekezwa pembeni akae mpaka zipoe ndipo aruhusiwe kuendelea. Ni mlima ambao wenyeji wake wamejifunza kumwogopa anayeshuka. Gemu ilichukua kona zake, vumbi lake, mawingu yake, ikaiacha hofu hiyo.

Sisi wa Mbeya hatukuhitaji Colorado kulijua hilo. Mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi. Mlima Nyoka. Kutoka Isyonje kushuka Igawilo. Hakuna ukoo Mbeya usio na mtu anayeweza kukusimulia alikuwa wapi siku lori lilipokuja bila breki. Msafara wa maziko ukipita mtu haulizi kilichotokea, anauliza ni mteremko upi.

Baba yangu mdogo aliendesha malori miaka ishirini na saba, Dar es Salaam mpaka Ndola. Akirudi na shaba ya Zambia kwenda bandarini, Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa unaoelekea Ruaha Mbuyuni, alikuwa anaishuka akiwa amejaa. Siku hizi amestaafu, magoti yamemchosha, nyumba yake na ya mama zinatazamana. Jioni moja ya wiki ile nilimpelekea chai ya maziwa, nikamwuliza jambo ambalo, nashangaa, sikuwahi kumwuliza.

"Baba, Kitonga ulikuwa unaishukaje?"

"Kwa gia niliyoipandia."

"Na breki?"

"Breki unamtunzia ng'ombe atakayekatiza barabara, mwanangu. Mlima unashukwa kwa injini."

Akanieleza kwa subira, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. Juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, unasimama, unachagua gia nzito, yaani ndogo, ndipo unaanza. Ukishaanza na gia nyepesi umechelewa, kwa sababu lori likishashika mwendo gia ndogo haiingii tena, na ukijaribu unabaki huru, injini haikushiki tena, mlima umekuchukua. Unaweka breki ya eksozi, ile inayobana moshi wa injini. Unaiacha injini ilie. Ukiona mwendo unazidi, unakanyaga mara moja kwa uthabiti, unaurudisha chini, unaachia breki ipumue. Anayeng'ang'ania kanyagio mfululizo anazichoma. Anayeachia gari huru ili aokoe dizeli, akauze chupa mbili tatu njiani, anacheza na maisha ya wanaokuja mbele yake.

Nikamwambia watu husema upepo wa breki uliisha. Akatikisa kichwa. Upepo ukiisha, alisema, kwenye lori zima springi zinazibana breki zenyewe na lori linalala hapohapo; hivyo ndivyo lilivyoundwa. Kinachoua ni joto. Dramu ikiwaka inatanuka, inazikimbia breki shuu, na shuu zenyewe zikiungua zinateleza kama zimepakwa sabuni. Hapo upepo unao, springi unazo, kanyagio unalo, na hakuna kinachoshika.

Usiku ule nilichukua daftari la mama la hesabu za maziwa nikapiga hesabu nyuma yake. Lori la tani 56, ambao ndio uzito wa juu unaoruhusiwa kwenye barabara zetu, likishuka kimo cha mita 100, na breki peke yake zikilizuia lisiongeze mwendo, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 150 za maji ya kisima. Mita 100 tu. Isyonje mpaka Uyole ni mara kadhaa ya hizo. Nilikaa naitazama ile namba. Ndoo nane za maji ya moto, zote zimo ndani ya magurudumu.

Kuna jambo sijawahi kuliandika. Mwaka 2009 nilikuwa na miaka ishirini na moja, leseni mpya mfukoni. Jirani aliniazima pikapu yake nikamchukulie mama mmoja viazi Isyonje. Magunia sita, yote lumbesa, yamefungwa vichwa mpaka yanapita kimo cha kebini. Tulianza kushuka jioni, barabara kavu, na mimi niliendesha kama nilivyojua. Niliiacha gari ijae mwendo kwenye sehemu iliyonyooka, nikasubiri kona inifike, nikakanyaga kwa nguvu, nikakata, nikaachia. Kona baada ya kona. Nilijiona dereva. Nakumbuka hata furaha ile, na ndiyo inayonitisha zaidi.

"Mwanangu, mbona kunanuka?" mama mwenye viazi aliuliza.

"Kawaida tu mama, ni mteremko."

Harufu ilikuwa kali, ya kuungua, inashika kooni. Sikuwa nimewahi kuinusa. Kona mbili mbele nilikanyaga breki, kanyagio likazama mpaka chini kama linaingia kwenye ugali. Mafuta ya breki yalikuwa yamechemka, na mvuke hausukumi kitu. Nilikanyaga tena, na tena, likarudi kidogo, likazama. Mbele yetu kulikuwa na daladala lililosimama kupakia watu. Niliishindilia gia ya pili mpaka injini ikapiga kelele kama mnyama, nikavuta handibreki, nikaipeleka gari upande wa ukingo wa udongo. Tuliukwaruza ukingo ule kwa mwendo ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari yote. Viazi vilimwagika barabarani. Tukasimama.

Hakuumia mtu. Yule mama alishuka, akakaa kwenye nyasi, akavua kitambaa cha kichwani, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza bila hasira, "Ulijifunzia wapi kuendesha?"

Nilimtajia chuo cha udereva. Haikuwa kweli yote. Chuoni walinifundisha alama za barabarani na kurudi nyuma kati ya nguzo mbili. Kushuka mlima nilijifunza nikiwa na miaka kumi na nne, kwenye sakafu ya chumba cha nyuma, kwa kitufe cha mraba. Kosa lilikuwa langu, na sitaki kumtwika mtu wa Tokyo aliyekuwa anaunda mchezo. Kijana wa miaka ishirini na moja alipaswa kumwuliza baba yake mdogo anayekaa ng'ambo ya uzio. Lakini nilikuwa nimeyaamini yale maneno ya kwenye jalada. Niliamini ninajua.

Juni hii, kila niliposhuka Pikes Peak, nilikuwa nikiisubiri ile harufu. Nilijua haitakuja. Mikono yangu ilianza kushusha gia yenyewe kabla ya kona, jambo lisilo na faida yoyote kwenye gemu hii, linakuchelewesha tu. Kona ya tano, ya sita, mkono wangu unakataa kubana mraba mfululizo. Rekodi ya kaka iliyo kwenye kadi nilikuwa nyuma yake kwa sekunde nyingi, na sikutaka kuikaribia.

Siku ya nane ya kucheza, jioni kabla sijaondoka, baba mdogo alikuja mwenyewe, polepole, kwa mkongojo wake. Mama alikuwa amemwambia nimejifungia na TV. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti, akaangalia kioo muda mrefu nikishuka.

"Huo mlima uko wapi?"

Nikamwambia.

"Nipe nishuke."

Nikamwonyesha gesi, breki, vitufe vya gia. Vidole vyake havikunjuki vizuri tena, pedi ilionekana ndogo mno mikononi mwake. Akauliza kama lile gari limebeba mzigo. Nikamwambia halijabeba kitu.

"Tufanye limebeba," akasema.

Mpinzani alishatimka mbio, hatukumwona tena. Baba mdogo aliweka gia ya pili na hakuitoa. Lile Escudo lenye nguvu za farasi elfu likashuka Pikes Peak kwa mwendo wa lori lenye shaba, injini inalia kwa sauti moja, vumbi jembamba nyuma yake. Kwenye kona alikuwa anainama kidogo na mwili wake. Mara chache, mwendo ukizidi, alibana mraba mara moja, akaachia, akahesabu kimya kwa midomo. Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na miguu yake na sikuthubutu kusema kitu. Nje giza liliingia. Mama alikuja mlangoni, akatazama, akarudi jikoni.

Alipouona mstari wa mwisho alipunguza mapema, akasimama kabla ya kuuvuka, kama mtu aliye kwenye mtihani wa leseni B.

"Hapa," akasema, "mimi ningekuwa Ruaha Mbuyuni. Ningeshuka, nikazunguka gari lote, gurudumu moja moja."

Akaegemea mbele, akanyoosha mkono, mgongo wa kiganja ukaelekea kioo, pale penye gurudumu la nyuma, bila kuligusa, kama wanavyofanya madereva kusikiliza joto. Akaushikilia hapo.

"Baridi," akasema, akanirudishia pedi.